Wimbo wa Kumi na Mbili

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Godeliva Manirambona alikwenda shule kwa kupitia njia ya sokoni. Njia hiyo ilikuwa ndefu kuliko ile ya mashambani, lakini ilipita mbele ya banda la Selemani, na kwa Selemani muziki haukunyamaza. Kijana huyo aliwachajia watu wa Ulyankulu simu zao na kuwawekea nyimbo kwenye memori kadi. Wimbo mpya ukitoka Dar es Salaam au Lagos, kijijini kwao ulianza kusikika hapo.

Mwezi ule watu walikuwa na gumzo moja tu: albamu mpya ya Bamise, mwanamuziki wa Afrobeti kutoka Nigeria. Wapo waliosema ni moto wa kuotea mbali. Wapo waliosema amechuja, ile ya kwanza ilikuwa bora. Darasa la sita nalo liligawanyika kama siku ya mechi.

"Bamise kwisha habari yake," alisema Aleksi wakati wa mapumziko. "Nyimbo zote zinafanana."

"Zinafanana kwako wewe unayesikiliza huku unatafuna miwa," alijibu Jeska, rafiki wa Godeliva waliyekaa naye dawati moja. Wenzao wakaangua kicheko.

Godeliva alisikiliza bila kuchangia. Yeye alikuwa mhariri wa gazeti la ukutani, karatasi kubwa iliyobandikwa kila Ijumaa kando ya ofisi ya walimu, na Mwalimu Advera alikuwa amemwomba aandike uchambuzi wa albamu hiyo.

"Sikiliza nyimbo zote kumi na mbili," mwalimu alimwambia. "Wenzako wanaamini unachoandika."

Alhamisi jioni Godeliva alikuwa amesikia nyimbo nne tu, zile ambazo Selemani aliwawekea watu kwenye kadi. Alipomaliza kumsaidia mama yake kufunga majani ya tumbaku, aliazima simu ya kaka yake, Hilari. Bando lililobaki lilikuwa dogo. Lisingetosha kusikiliza nyimbo nane, ila lilitosha kusoma maoni ya watu, na maoni yalikuwa mamia. Mchambuzi mmoja mwenye wafuasi wengi alikuwa ameandika kwamba wimbo wa kumi na mbili ni mrefu, unachosha, na heri kuuruka.

Godeliva akachukua kalamu. "Baada ya kuisikiliza albamu nzima kwa makini," aliandika, kisha akasita. Aliitazama sentensi ile kwa muda. Mwishowe akaendelea: "naweza kusema wimbo wa kumi na mbili unachosha. Msipoteze muda wenu."

Ijumaa wanafunzi walijazana mbele ya gazeti. Walimsifu Godeliva kwamba anaandika kama mtangazaji wa redio, naye akafurahi. Furaha hiyo ilidumu hadi Jumatatu, siku ambayo darasa la sita lilikaa kuchagua wimbo wa kucheza Siku ya Wazazi.

Jeska alisimama. Wakati wa likizo alikuwa kwa shangazi yake Tabora mjini, na huko ndiko alikousikia wimbo wa kumi na mbili. Kwa wiki mbili alikuwa akitunga mitindo ya kuucheza nyuma ya madarasa, peke yake.

"Ule unaochosha?" Aleksi alidakia. "Hujasoma gazeti? Unataka wazazi wetu walale kwenye viti?"

Jeska akamgeukia Godeliva. "Pale katikati, ngoma zinaponyamaza, akabaki yule mama anaimba peke yake. Kweli hukusikia kitu?"

Godeliva alihisi uso ukipata joto. Hakujua kama katika wimbo huo kulikuwa na mama anayeimba.

"Nilisikia," alisema. "Kawaida tu."

Ilipopigwa kura, karibu darasa zima liliukataa wimbo. Jeska alikaa, akasogeza madaftari yake mpaka ukingoni mwa dawati, na siku hiyo walirudi nyumbani kila mtu na njia yake.

Jioni Godeliva alisimama mbele ya banda la Selemani.

"Kaka Selemani, naomba unipigie wimbo wa kumi na mbili wa Bamise."

"Ule mrefu? Ule siuweki kwenye kadi, unakula nafasi ya nyimbo mbili." Selemani alimtazama. "Halafu si wewe uliyeandika shuleni kwamba unachosha? Wateja wangu wamenisimulia."

"Ndiyo, ni mimi."

"Sasa unautakia nini?"

"Sijawahi kuusikia."

Selemani alicheka, lakini alipoona Godeliva hacheki, akaacha. Akauzima wimbo uliokuwa ukipigwa na kuutafuta ule.

Ulianza polepole, tena polepole mno, hata Godeliva akageuka mara mbili kuangalia wapita njia. Kisha zikaingia ngoma, nyingi na nzito, kama zile wanazopiga wazee wa Ulyankulu siku za sikukuu. Ghafla zikanyamaza. Ikabaki sauti ya mama mmoja mzee, akiimba kwa lugha ambayo Godeliva hakuielewa, kama mtu anayemwita mwanawe aliye shamba la mbali. Mwanamke aliyekuja kuchukua simu yake alisimama nayo mkononi, asiondoke.

Hapo Godeliva akamkumbuka Jeska siku moja aliyomkuta nyuma ya madarasa, amesimama bila kutikisika, mkono mmoja juu, macho ameyafumba. Godeliva alikuwa amemcheka.

Kesho yake alifika shuleni kabla ya kengele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Godeliva. Mbona mapema?"

Alieleza yote: nyimbo nne, simu ya Hilari, mama anayeimba.

"Nani ameumia?" aliuliza Mwalimu Advera.

"Jeska."

"Basi mfuate Jeska kwanza. Darasa litafuata."

Kumwomba Jeska radhi kulikuwa kugumu, lakini kusimama mbele ya darasa na kukiri kulikuwa kugumu zaidi.

"Mchambuzi wa maoni ya watu!" Aleksi alipaza sauti. "Kesho utatuchambulia pilau ya harusi ambayo hukualikwa!"

Darasa likacheka sana. Godeliva akabaki amesimama mpaka walipomaliza. Kisha mwalimu akaleta spika yake ndogo, wakausikiliza wimbo wote, dakika saba. Kura ikapigwa upya. Safari hii wengi waliukubali, ila mkono wa Aleksi haukupanda.

"Mimi ule mwanzo bado unanichosha," alisema.

"Na wewe?" Jeska alimwuliza Godeliva. "Sema kweli."

"Mwanzo ni mrefu. Lakini yule mama alipoanza kuimba, sikutaka aache."

Jeska akatabasamu. "Andika hivyohivyo."

Mwalimu Advera alilitazama darasa lake.

"Aleksi hajakosea," alisema. "Amesikia kwa masikio yake, na hakupenda. Godeliva naye angeweza kuukataa wimbo huu, na mimi ningelibandika gazeti lake kwa moyo mweupe. Lakini alisema amesikia wakati hajasikia, na neno lake likamnyima mwenzake nafasi ya kusikilizwa. Wanangu, kabla hamjatoa hukumu juu ya wimbo, au kitabu, au mtu, sikilizeni kwanza mpaka mwisho. Na kama hamjasikiliza, semeni tu, 'Sijui bado.' Hakuna aibu ndani yake."