Aliyemalizia Bakuli la Su-yin

Bakuli lilikuwa kavu. Lingekuwa tupu tu, Su-yin asingeshtuka. Lakini lilikuwa kavu, halina hata tone la mafuta, kana kwamba lilioshwa likafutwa kwa kitambaa. Na alikuwa ameliacha pale mezani dakika kumi tu, alipokwenda mbele ya duka kumfungashia wali mteja wa mwisho.

Alikuwa amekula vijiko vinne. Cha nne kilipofika chini, kifua kilimbana, mate yakamjaa mdomoni, akajua hapo ndipo mwisho. Akalisukuma bakuli na nyama yake ya bata mzinga, nusu yai na wali uliobaki, akasema kwa hasira, bila kumlenga mtu, "Anayetaka amalizie!"

Sasa aliligusa. Lilikuwa baridi kama limetoka kwenye friji, ingawa mchana ule wa mwezi wa saba wa mwandamo jiji zima la Chiayi, huku Taiwan, lilikuwa linachemka. Akalinusa. Majivu yaliyolowa.

"Mama, umekula chakula changu?"

Lan-hiang, mama mkwe wake, alikuwa akisugua sufuria. Hakugeuka. "Mimi nile makombo yako? Umekula mwenyewe ukasahau." Kisha akaongeza kwa sauti laini, "Na kama umekula, vizuri. Mimi nimefurahi."

Su-yin alilipeleka bakuli kwenye karo. Miezi mitano sasa alikuwa amechoka kubishana juu ya chakula.

Mwezi wa pili wa mwaka, daktari alikata sehemu kubwa ya tumbo lake, akamwachia kipande chembamba kama ndizi. Aliingia hospitali akiwa na kilo mia moja na kumi na mbili, magoti yakilia kila ngazi, sukari ikipanda kila alfajiri. Sasa magoti yalikuwa kimya na sukari ilishuka, naye alishukuru. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba kukatwa tumbo ni jambo la saa mbili, na kula baada yake ni kazi ya kutwa nzima. Kijiko kidogo cha mtoto. Tafuna mara thelathini. Nyama na yai kwanza, wali baadaye ukipata nafasi. Usinywe maji na chakula. Subiri nusu saa. Ukipitiliza kwa tonge moja, ukimbilie msalani ukajitapikie.

Na haya yote ndani ya nyumba iliyoishi kwa wali wa bata mzinga! Duka lilikuwa chini, wao walilala juu, na harufu ya vitunguu vya kukaanga ilikuwa imeingia hadi kwenye mito. Wateja walimtania: "Bosi, mbona huli chakula chako mwenyewe? Umekitilia nini?" Mumewe, Cheng-te, alimhesabia vijiko kwa jicho la pembeni. Na Mama, ambaye kwa miaka kumi na minane alimpakulia bakuli lililojaa kama kilima akasimama kumtazama hadi limalizike, sasa aliondoa bakuli lililojaa kila siku akiguna, kama mtu aliyerudishiwa zawadi mlangoni.

Kesho yake bakuli lilikauka tena. Na keshokutwa. Siku ya tano sahani ya mayai iliyokuwa kabatini ilikutwa inang'aa. Siku ya saba sufuria zima la wali wa akiba.

"Kama una njaa, mke wangu, sema," Cheng-te alimwambia taratibu, wakiwa wanakunja nguo. "Hakuna atakayekucheka. Ila usifiche. Mshono ukipasuka je?"

"Sufuria zima, Cheng-te? Mimi ambaye nikila kipande cha tofu natoka jasho?"

"Basi nani? Mama anakula kama ndege siku hizi."

"Sijui nani! Najua si mimi!"

Aliendelea kukunja nguo, na hilo lilimuudhi Su-yin kuliko tusi.

Duka lilifungwa saa nane mchana. Su-yin alizoea kupanda juu kujinyoosha, na ilikuwa katika saa hiyo, jua likiwa kali nje, ndipo alipoanza kusikia. Kwanza vijiti vikigonga kingo za bakuli, tik, tik, tik, haraka haraka. Kisha kiti kikiburutwa. Kisha sauti aliyoichukia kuliko zote, sauti ya kitu kikivutwa kwa nguvu kupitia tundu dogo, kama mrija unaofyonza chini ya glasi iliyokwisha, ukifyonza, ukifyonza, bila kupumzika kuvuta pumzi. Alishuka mbio mara tatu. Mara zote alimkuta Mama peke yake anapangusa meza, na kiti cha pembeni, kiti chake yeye Su-yin, kimevutwa nyuma kama mtu ndiyo kwanza ameinuka.

Alianza kujishuku mwenyewe. Labda ninakula usingizini. Alijipima asubuhi na jioni. Mizani haikupanda wala kushuka. Siku ya kliniki, Bi Peng wa lishe aliitazama karatasi, akavua miwani.

"Wiki tatu uzito umesimama. Tuambizane ukweli, dada. Unachokoachokoa vitu katikati ya mlo?"

"Hapana."

"Hata juisi? Keki kidogo?"

"Nimesema hapana."

"Wengi husema hivyo mwanzoni." Akatabasamu kwa huruma.

Su-yin aliinuka, akauacha mfuko wake wa unga wa protini juu ya kiti, akatoka. Njia nzima kwenye pikipiki alikuwa akibishana na Bi Peng ndani ya kofia ngumu, machozi yakimwingia mdomoni. Alifika nyumbani saa nane na nusu, mapema kuliko walivyomtarajia, akapitia mlango wa nyuma ili wasimwone analia.

Akasikia Mama anazungumza.

"Ongeza? Ongeza bwana, usione haya. Kipo kingi."

Alichungulia. Mama alikuwa ameketi mezani, kidevu mkononi, uso umechangamka kama wa msichana anayetazama mgeni aliyemngoja siku nyingi, na mbele yake kulikuwa na bakuli kubwa la kilima, lile lile la zamani la Su-yin, na nyuma ya bakuli kiti, na juu ya kiti hapakuwa na mtu, ila wali ulikuwa unazama katikati, unazama wenyewe kama mchanga unaoingia shimoni, nyama ikifuata, yai likikunjamana na kuingia, na ile sauti ya mrija ikifyonza na kufyonza, na ubaridi ukitambaa sakafuni hadi kwenye vidole vya miguu vya Su-yin pale mlangoni, na harufu ya majivu yaliyolowa ikamkaba hata akashika ukuta. Bakuli likakauka. Kisha sauti nyembamba, kama inayotoka ndani ya bomba, ikasema:

"Tamu, Mama."

Mama akacheka, akainuka kupakua tena. Mkono wake ulipopita kwenye mwanga wa dirisha, Su-yin aliona bangili ya jiwe la kijani, ile ambayo tangu aolewe katika nyumba hii hakuwahi kuiona ikisogea, ikiteleza kutoka kifundoni hadi kiwikoni.

Mama alikuwa amebaki mifupa. Mezani kwao kulikuwa na mtu anayekonda kweli, na wote walikuwa wakimtazama Su-yin.

"Mama!"

Mwiko ulianguka. Kiti kikarudi nyuma, kri, na ubaridi ukampita Su-yin begani ukitoka nje.

"Umemfukuza," Mama alisema. Hakuogopa, alikasirika.

"Ni nani yule?" Su-yin alinong'ona.

"Sijui."

"Hujui? Unampakulia na humjui?"

"Anakula!" Sauti ya Mama ilipasuka. "Anakula, anamaliza, anasema tamu. Wewe tangu ukatwe hilo tumbo hujaniambia tamu hata siku moja. Naamka saa kumi alfajiri, nachemsha, nachambua, nakuwekea. Unaweka mdomoni, unatazama saa. Unatafuna kama mtu anayekula dawa. Nikuulize nini? Nimfanyie nani?"

"Natafuna hivyo ili nisitapike, Mama! Unadhani napenda? Unadhani siutamani huo wali?"

Walitazamana, wote wawili wanahema. Su-yin akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama kijiti.

"Wewe umekula nini leo?"

Mama alifikiri. "Sisikii njaa siku hizi," alisema, kama vile ndiyo kwanza anaigundua habari hiyo. "Kila akila yeye, nashiba mimi."

Jioni ile Cheng-te alikwenda nyuma ya soko, kwenye hekalu dogo, kumleta Bibi Giok, anayepandisha miungu. Alikuwa mama mfupi, sauti imekwaruzwa na sigara. Alikizunguka kiti kile, akakinusa, akatema mate mlangoni.

"Ndugu mwema," alisema, maana mwezi ule mizimu yenye njaa hutembea, na hakuna anayeitaja kwa jina lake. "Hana wa kumfukizia ubani. Tumbo kama pipa, koo kama tundu la sindano. Hawa haviwapiti kooni ila vitu viwili: mabaki yaliyoachiwa, na chakula kilichotolewa kwa mapenzi. Nani alimkaribisha?"

Su-yin alikumbuka maneno yake ya hasira. Mama alitazama sakafu.

"Wote wawili," Bibi Giok aliguna. "Mmoja kamwachia, mwingine kampakulia. Akimmaliza mama huyu atataka tumbo la kuhamia." Akamtazama Su-yin. "Kesho saa ile ile, kaa wewe kwenye kiti. Kula. Usiache hata punje. Atakuharakisha, usiharakishwe. Ukiinuka kabla hujamaliza, kiti ni chake."

"Bibi, mimi vijiko vinne tu ndivyo vinavyonitosha."

"Basi upakuliwe vinne."

"Vinne?" Mama alidakia. "Hicho ni chakula cha paka!"

"Mama," Cheng-te alisema, "tafadhali."

Kesho yake saa nane wakateremsha mlango wa duka. Mama alishika kijiko kidogo cha mtoto. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Mkono wake ukarudi sufuriani wenyewe kwa mazoea ya maisha, ukachota cha tano, ukabaki hewani. Hatimaye alikirudisha, akafunika sufuria, akakikalia kigoda chake kana kwamba amefiwa.

Su-yin aliweka kijiko cha kwanza mdomoni. Moja, mbili, tatu, alihesabu.

Kufika kumi, ubaridi ulikuwa mgongoni. Kufika ishirini, kitu kilikuwa kimeegemea mabega yake, kizito, na pumzi ya majivu ilimpiga sikioni. "Haraka," ilinong'ona. "Haraka, dada. Meza. Bakiza." Alitafuna. Kijiko cha pili ile sauti ikawa ya Mama, ikilia kwamba amemdharau. Cha tatu ikawa ya Bi Peng, ikimwita mwongo kwa huruma. Na vijiti vyote vya duka vikaanza kugonga ndani ya vikopo vyake, na vifuniko vya sufuria vikatetemeka, na ile sauti ya kufyonza ikazunguka meza kama nyuki, karibu, karibu zaidi, ikilamba kingo za bakuli na kukosa, ikilamba na kukosa, naye Su-yin, ambaye miezi mitano alilaani kila tafuno, alitafuna mara thelathini bila kupunguza hata moja, kwa sababu kama kulikuwa na jambo moja duniani alilolijua kuliko kiumbe yule ni kula polepole huku roho inataka kupasuka. Kifua kilimbana. Alisubiri. Kikalegea. Akaweka cha nne, akatafuna, akameza, akaokota kwa kidole punje iliyonata pembeni.

Akaligeuza bakuli. Hakikudondoka kitu.

Uliofuata ulikuwa mlio ambao Cheng-te baadaye aliufananisha na breki za treni. Mlango wa chuma ukatikisika, na kitu kikatoka.

Walikisikia kikishuka kichochoroni, mchana kweupe, kikijaribu milango: vyombo vya fundi viatu vililia, vikanyamaza, vya muuza chai, vikanyamaza. Kisha, kutoka kibandani kwa Bi Siao, muuza uji wa maharage, ikasikika sauti ya ukarimu: "Karibu, karibu! Kaa. Bado upo uji."

Su-yin alitaka kukimbia, lakini tumbo lilikuwa limejaa hadi kooni. Aliyempita mlangoni ni Mama. Alikimbia na ndala zake, bangili ikigonga kiwiko, akafika kibandani na kuukuta uji umekwishaanza kuzama katikati ya bakuli. Alilinyakua. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwaga hata maji ya kuoshea mchele aliumwaga uji barabarani, akaligonga bakuli kichwa chini juu ya meza, akakiambia kile kiti kitupu kwa sauti iliyosikika mtaa mzima:

"Hakuna! Kimekwisha! Nenda!"

Upepo mdogo wa baridi ukawapita, Su-yin akiwa ndiyo kwanza amefika kwa mwendo wa taratibu. Mbwa wa Bi Siao alilia mara moja. Basi.

"Umechanganyikiwa wewe?" Bi Siao alipiga kelele. "Mteja wangu! Uji wangu! Yuko wapi yule kijana?" Na matusi yake yaliwasindikiza mkwe na mkwewe hadi mlangoni, wakitembea wameshikana mikono, wote wamechoka hata kujibu hawawezi.

Kizingitini Mama alisimama. Alijishika tumbo.

"Su-yin," alisema kwa mshangao. "Nina njaa. Njaa kweli kweli."

Su-yin karibu acheke kwa furaha. Kisha akamtazama vizuri, yale macho, ule mdomo uliokuwa unameza mate.

"Njaa ya nani, Mama?"

Mama alifungua mdomo kujibu, akaufunga, akafikiri. Alifikiri muda mrefu mno.