Ukurasa wa Mwisho wa Radi na Kivuli

Mwaka 2005, kila siku saa tisa alasiri, basi la shule liliwashusha Loise na Nunu penye maduka ya mafundi cherehani, mtaa wa Satwa, mjini Dubai. Kabla hata ya kunywa maji, waliketi kwenye ngazi za jengo alimokaa Loise wakafungua daftari lao kubwa jeusi. Loise, Mkenya, alikuwa na miaka kumi na miwili. Nunu, Mzanzibari aliyezaliwa hapohapo Dubai, alimzidi miezi miwili na hakuacha kumkumbusha.

Daftarini mlikuwa na manga, yaani hadithi ya picha kwa mtindo wa Kijapani, waliyoibuni wenyewe. Iliitwa Radi na Kivuli. Radi alikuwa msichana mwenye hasira za karibu. Kivuli alikuwa mkimya, humjui anawaza nini. Walishindana kukimbia juu ya boriti za maghorofa yasiyokwisha kujengwa, na mwanzoni hawakupatana hata kidogo. Loise alimchora Radi, Nunu akamchora Kivuli. Kupanga picha ipi ikae wapi ilikuwa kazi ya Loise.

"Wanaelewana upesi mno," Loise alilalamika siku moja. "Hasimu akishapatana na mwenzake, hadithi inapoa kama chapati ya jana."

"Nani kasema wamepatana?" Nunu alijibu. "Sura ya kwanza wanatukanana. Ya tatu, Radi anaiga mbio za Kivuli kwa siri. Ya tano, Kivuli anajifunza kukasirika. Kila mmoja anamwibia mwenzake kitu, mpaka siku moja wanajikuta hawawezi kukimbia peke yao. Mtu habadiliki kama kuwasha taa, bibi we!"

"Basi sura ya mwisho ipange wewe, bingwa."

"Naipanga. Tena bila neno hata moja. Utalia."

Kazi ilikuwa ya haraka. Shule ilitangaza kwamba hadithi moja ya picha ingechapwa katika jarida lake, na kazi zote zifike ofisini Jumatano asubuhi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Mmoja tu. Wenye ofisi ndivyo walivyo: hupanga mambo bila kuuliza kama kuna watu wanaofanya kazi wawili wawili.

Jumapili Nunu hakuketi ngazini. Alisema anawahi nyumbani. Jumatatu Loise alimwona akitoka ofisini na fomu mkononi. Nunu alipomwona, aliikunja haraka akaitia mkobani.

"Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Hamna."

"Hamna nini?"

"Hamna kitu, Loise! Utajua tu. Haya, chukua daftari, nimemaliza."

Neno hilo "hamna" lilimkaa Loise kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumbani alimkuta baba yake, Gibson, akipiga pasi sare yake ya kazi. Gibson alikuwa msimamizi wa walinzi katika jumba moja la maduka. Alikuwa mtu wa kucheka zamani. Kisha mkewe akafariki, na alipoomba ruhusa ya kuusindikiza mwili Kenya, arbab, yaani mwajiri wake, akamwambia kesho, kesho, mpaka maziko yakapita. Tangu hapo Gibson hakumwamini mtu.

Loise alimweleza habari ya fomu, kisha akafungua ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na picha nne katika mstari mmoja. Katika ya kwanza, Radi na Kivuli walisimama bega kwa bega juu ya boriti. Katika ya pili, Radi alining'inia, Kivuli kamshika mkono. Katika ya tatu, Radi alikuwa hewani peke yake, vidole wazi. Katika ya nne, Kivuli alikuwa anaenda zake, mgongo ameugeuza.

"Amemwachilia," Loise akasema kwa sauti ndogo. "Baba, amemuua Radi!"

Gibson aliweka pasi pembeni, akatazama picha moja baada ya nyingine. "Si nilikuambia? Mtu akicheka nawe, angalia ule mkono mwingine unafanya nini. Fomu ina jina moja, na wewe umeshaondolewa kwenye hadithi."

"Lakini Baba, Nunu ni rafiki yangu."

"Hata arbab aliniita ndugu."

Loise hakula vizuri jioni ile. Alichukua wino mweupe wa kufutia makosa, akaanza ukurasa wa kwanza. Akafuta uso wa Kivuli, kisha mikono, kisha miguu. Alipofika ukurasa wa kumi na moja, chupa ilikauka. Akayatazama aliyoyafanya. Radi alikuwa anakimbia bila mtu wa kushindana naye, anakunja ngumi na kufokea hewa kama mwendawazimu. Loise akalifunga daftari upesi.

Jumanne alasiri Gibson alimshika mkono wakaenda hadi duka la Thuwein, baba yake Nunu, fundi cherehani.

"Karibuni, karibuni!" Thuwein alisema, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. "Baba Loise, leo umepotea njia?"

"Sikuja kukaa. Mwite binti yako."

Nunu alichomoza nyuma ya marobota ya vitambaa, uso umemchangamka. "Umeuona mwisho? Umelia, sema kweli!"

"Nimeona ulivyomuua Radi," Loise alisema, "ili hadithi ibaki yako peke yako."

"Nimemuua? Mimi?"

Gibson aliliweka daftari juu ya meza ya kukatia nguo, akalifungua ukurasa ule. "Tusidanganyane. Hii hapa."

Thuwein akavaa miwani, akatazama kwa muda. "Mbona kamwokoa?"

"Kamwokoa wapi? Mimi macho ninayo."

"Nunu mwanangu, hebu wasomee."

Nunu akaweka kidole kwenye picha iliyokuwa kulia kabisa. "Wamegombana, Kivuli anaondoka. Hapa Radi anateleza. Hapa Kivuli karudi, kamdaka mkono." Kidole kikafika kushoto. "Na hapa wamesimama pamoja."

Manga zote alizosoma Nunu zilikuwa za Kiarabu, kutoka duka moja la mtaa wa Deira, na Kiarabu huanzia kulia. Za Loise zilikuwa za Kiingereza, picha zake zimegeuzwa zianzie kushoto. Kwa kuwa kurasa zote nyingine zilipangwa na Loise, hakuna aliyewahi kuligundua jambo hilo.

"Ngoja niwaonyeshe walivyoanza," Nunu alisema, akafunua nyuma. Mkono ukasimama. Akafunua tena, na tena. "Loise, Kivuli yuko wapi?"

Loise aligusa wino mweupe kwa kidole.

"Umenifuta," Nunu alisema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Loise. Nunu akatoa fomu mkobani, akaitupa mezani. "Nilimwomba mwalimu tuandike majina mawili. Kasema utaratibu ni jina moja. Nikaandika hivi, nikushtue."

Kwenye mstari ule mmoja palikuwa pameandikwa: Loise Nunu. Kama mtu mmoja.

Gibson aliisoma mara mbili. Akavua kofia yake.

"Loise," alisema, "mimi ndiye niliyekupa macho hayo. Lakini wino uliushika wewe. Sema na mwenzako."

"Nisamehe, Nunu," Loise alisema huku akilia. "Niliogopa utaniacha."

Nunu alifuta pua kwa mkono. "Kurasa kumi na moja. Nani atamchora Kivuli mpaka kesho?"

"Mimi."

"Wewe? Atatoka na pua kama kiazi."

"Nifundishe basi."

Thuwein akasogeza nguo za watu, akawapa meza. Kwa mara ya kwanza Loise alimchora Kivuli, na Nunu akamtengeneza Radi palipopakwa wino. Kivuli kweli alipata pua nene kwenye kurasa mbili. Lakini alipata pia hasira kidogo machoni, na Nunu akaichungulia, akasema, "Hiyo iache." Kwenye ukurasa wa mwisho Loise alichora mshale mdogo upande wa kulia: Anzia huku.

Jumatano asubuhi Gibson alikwenda nao hadi ofisini, amevaa sare yake. Karani akasema utaratibu ni jina moja. Gibson akauliza utaratibu huo umeandikwa wapi, na nani, na kwa nini. Hakuondoka dirishani mpaka mstari wa pili ulipochorwa kwa rula na kila jina likapata mahali pake.

Nje, akawashika mabega wote wawili.

"Sikilizeni, wanangu. Mwenye cheo mkimshuku, muulizeni mbele ya watu, wala msione haya. Rafiki mkimshuku, muulizeni pia, lakini kwa upole, na kabla hamjaharibu chochote. Mimi nilijua kushuku, nikasahau kuuliza. Nimekuwa nikiwafuta hata watu wema kwa sababu ya wabaya wachache. Haya, yalla, darasani."