Tonge la Mkono wa Kushoto

— Wewe mutoto, huo ni mukono gani?

Mzee Ndikumana hakupandisha sauti. Aliuliza tu. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inafuka, bugali umekaa katikati ya meza, na Eliudi, kijana aliyekuja kujitambulisha ukweni, alikuwa amekata tonge kwa mkono wa kushoto.

— Nisamehe, Baba.

— Nimeuliza, ni mukono gani?

— Wa kushoto.

— Na ule mwingine umeuacha kwenu Adelphi?

Mama Généreuse, mama wa binti, alijaribu kucheka.

— Papa Jaël, hawa ni watoto wa Amerika. Acha ale.

— Amerika iko huko nje kwenye parking. Hapa ndani ni kwangu. Fanta amepokea na kushoto, nikanyamaza. Kunipa mukono hakunipa, amenikumbatia kama tuko kwa baa, nikanyamaza. Sasa anakula na mukono wa choo!

Jaël, binti mwenyewe, alimtazama mchumba wake. Alingoja aseme neno, lolote. Eliudi akatabasamu. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya meza, umelala juu ya paja.

— Ni mazoea tu, Baba. Kwetu hatujali sana mambo hayo.

Uongo mtupu. Jaël alishakula kwa mama yake Eliudi mara nyingi. Yule mama Mtanzania ukipokea hata chumvi kwa kushoto, anairudisha kabatini.

— Hamujali? Bon, sawa. Asiyejali hawezi kuchukua binti yangu. Vaa viatu.

Basi akavaa viatu. Kamba hakufunga.

Jaël alimkuta ndani ya gari, chini ya ghorofa yao pale Langley Park. Barabarani mitambo ya reli mpya ilikuwa inachimba, kelele tupu. Akaingia, akafunga mlango kwa nguvu.

— Umenifedhehesha kwa nini?

— Babe, baba yako ana hasira za bure.

— Mama yako amekufundisha kula. Niambie ukweli.

— Ukweli gani? Kesho nina mechi, kichwa changu kiko huko.

Mechi yenyewe haikuwa ndogo. Eliudi ni mrushaji wa besiboli, yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mwenye gongo. Anachezea timu ya daraja la chini, wanakosubiri vijana wenye ndoto ya kuitwa kwenye timu kubwa za televisheni. Mwaka juzi kano ya kiwiko ilikatika. Madaktari wakachukua nyingine pajani, wakaipandikiza mkononi. Tangu hapo ni mazoezi, barafu, na kungoja. Kesho Jumapili, mchana, alikuwa anarudi uwanjani Bowie kwa mara ya kwanza, na msimu ukiisha mkataba nao unaisha.

Jaël alivua hereni moja. Eliudi alikuwa anaangalia mitambo, anaeleza jinsi kocha alivyomwamini. Jaël akauchukua ule mkono wa kulia, akaweka ncha ya hereni kwenye kidole cha mwisho, akabonyeza.

Eliudi akaendelea kuongea.

Akabonyeza zaidi.

— ...na kocha amesema nikiwa na utulivu tu, basi...

— Eli. Tazama mkono wako.

Akatazama. Tone la damu lilikuwa linashuka kwenye kucha.

— Nimekuchoma, na wewe unanisimulia kocha. Tangu lini?

Eliudi akaifuta damu kwenye suruali. Mitambo inachimba.

— Tangu nianze kurusha kwa nguvu. Ni kidole cha mwisho na jirani yake tu. Mpira naushika kwa hivi vya mbele. Hivyo havina kazi.

— Havina kazi? Tonge limekushinda! Mwambie daktari wa timu leo hii.

— Nikisema, kesho sirushi. Nisiporusha, kuna watu wamekaa wanasubiri nafasi yangu. Unataka nirudi kupanga maboksi ghalani?

— Na mkono ukifa kabisa?

— Ni mkono wangu.

— Ndio uliokuja kuniposa nao!

Eliudi aligeuka. Tabasamu lilikuwa limeisha.

— Sikia. Ukimpigia mtu yeyote wa timu, mimi usinipigie tena.

Jaël akashuka. Hereni alibaki ameifumba kiganjani.

Jioni ile alimwandikia: "Eli, sitampigia mtu wa timu. Lakini Papa anadhani umemdharau. Namwambia ukweli."

Jibu likaja hapo hapo: "Usimwambie!! Bora anione sina adabu kuliko anione kilema."

Akalisoma. Akaiweka simu mfukoni, akaenda sebuleni.

— Papa.

— Kama ni yule kijana, nimemaliza.

— Hakukudharau. Mkono wake umekufa ganzi, anauficha ili kesho wamwache acheze.

Mzee alizima televisheni.

— Kwa hiyo alikubali nimufukuze, juu ya kuficha ugonjwa?

— Ndiyo, Papa.

— Huyo ni mujinga.

Alikaa. Akakuna kidevu. Mama Généreuse akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi.

— Mujinga kabisa, akarudia mzee. Huo muchezo wake uko wapi?

Kesho yake watu wa Bowie waliona mzee wa suti ya kanisani akishuka ngazi za uwanja mpaka kwenye wavu mfupi, wachezaji wanaposalimia mashabiki kabla ya mechi. Jaël nyuma yake. Eliudi alipowaona, uso ukabadilika.

— Umemleta, alimwambia Jaël kwa meno yaliyoshikana.

— Nimejileta, akasema mzee. Jana hukunipa mukono. Nipe leo.

Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko chake, kwa heshima, kama anayesalimia mkubwa. Eliudi alitazama huku na huku. Kushoto alikuwa amevaa glavu. Kocha wa warushaji alisimama karibu, anatafuna mbegu za alizeti.

— Baba, naingia sasa hivi.

— Watangoja. Nipe mukono.

Akahamishia mpira kwenye glavu, akautoa mkono wa kulia. Mzee akaushika.

— Kaza.

— Nimekaza, Baba.

— Hujakaza. Kaza!

Jasho lilimtoka Eliudi kwenye paji. Mishipa ya shingo ilisimama. Vidole viwili vya mwisho vilining'inia tu kwenye kiganja cha mzee. Kocha hakujua Kiswahili, lakini aliacha kutafuna.

— Kaza, mwanangu.

— Siwezi.

— Sema nisikie.

— Siwezi, Baba! Sivisikii. Naogopa.

Mzee hakumwachia. Aliinama karibu na sikio lake.

— Jana nilikufukuza juu ya adabu. Juu ya ugonjwa sikufukuzi. Urushe, usirushe, mulango wangu uko wazi. Hiyo ndiyo nilikuja kukuambia. Sasa enda, mukono ni wako.

Akamwachia.

Spika zilitaja jina la Eliudi. Watu wakashangilia. Jaël alishika wavu, akamwona anatembea kuelekea katikati ya uwanja, hatua moja, nyingine, kisha akasimama. Akageuka. Akamfuata kocha, akautoa mpira kwenye glavu, akamkabidhi.

— Coach, I can't feel my fingers, akasema, lile lile alilomwambia mzee.

Daktari alisema kovu la upasuaji lilikuwa limeubana mshipa wa fahamu. Angeendelea kurusha hivyo, asingeshika hata kijiko. Wakamfanyia upasuaji mwingine, wakaufungua mshipa. Kocha alimtukana sana kwa kuficha, halafu akaenda ofisini akampigania mkataba wa msimu mwingine.

Wiki hiyo Eliudi alirudi Langley Park mkono umefungwa kifuani. Bugali ukaletwa. Akaketi, akameza mate, hakugusa kitu.

— Jaël, akasema mzee. Hama hapo. Keti karibu na mukwe.

— Mkwe? akauliza Eliudi.

— Kushoto hakuliwi mu nyumba hii. Umulishe.

Mama Généreuse alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Jaël akakata tonge, akalichovya kwenye sombe.

— Fungua mdomo, kiburi wewe.

— La moto hilo!

— Ungesema ukweli mapema ungekula la baridi.

Majira ya kuchipua, Eliudi alisimama tena katikati ya uwanja ule. Mpira wa kwanza ulipita pembeni. Wa pili pia. Jaël jukwaani akafumba macho. Wa tatu alisikia tu mlio wake kwenye glavu ya mdakaji, pah, na uwanja ukalipuka.

Eliudi alipotoka uwanjani, simu yake ilikuwa na ujumbe kutoka kwa Mzee Ndikumana, aliyekuwa anatazama mechi kwenye simu akiwa kazini:

"Mukwe, nimeona. Sijaelewa kwa nini wengine wanakimbia na wengine wamesimama tu. Lakini mukono nimeuelewa. Samedi, Jumamosi yenu, leta wazazi wako tupange arusi. Utakula mwenyewe."