Geji ya Boila ya Kazimir

Enyi mlioketi, waume kwa wake, sogezeni viti mnipe masikio, kwani habari niliyoibeba ni ya joto la nyumbani.

Katika mtaa wa Wapolandi mjini Buffalo aliishi Kazimir Dudek na mkewe Halina, ndoa ya miezi minane. Nyumba yao ilipashwa moto na boila ya mvuke iliyokaa chumba cha chini. Kazimir aliirithi kwa babaye, akaipangusa kila asubuhi, akiinong'oneza: "Umeamkaje, bibie?"

Jumapili moja ya theluji alimshika mkewe kiuno jikoni. Rejeta zote, vyuma vya ukutani vinavyopashwa na mvuke wa boila, zikagonga kwa pamoja. Alipomwachia, zikanyamaza, ikabaki harufu ya waridi lililoungua.

"Hewa imekwama tu," alisema Kazimir.

"Hewa gani hiyo yenye macho?"

Tangu hapo chumbani rejeta ya upande aliolala Halina ikawa baridi, na ya upande wa mumewe ikachemka. Siku Halina alipomwandalia Kazimir pierogi, vitumbua vya kwao vilivyojazwa viazi, valvu ya rejeta ilimfyatukia mvuke, ikamwunguza mkono.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini, "ama uitengeneze, ama nirudi kwetu."

Akaitwa Bolek, mjomba wa Halina, fundi wa mvuke. Akaizima boila, akaingoja ipoe, akatoa geji mpya, kipimo cha presha ya mvuke.

"Hii ya zamani inasoma mpaka thelathini, na presha ya nyumba haifiki mbili. Ni kumpima mtoto mchanga kwenye mizani ya malori." Akaifunga mpya. Mshale ukalala kwenye sifuri.

"Halina, njoo uone," aliita Kazimir.

Mshale ukapanda.

Bolek akakigusa chuma cha boila. Kilikuwa baridi. "Mwite tena, mkwe wangu."

"Halina."

Ukapanda zaidi.

"Sasa iite hiyo kama unavyoiita ukiwa peke yako."

Kazimir akainamisha uso. "Bibie."

Mshale ukashuka taratibu, ukatulia, na waridi likanukia.

"Hii si presha," alinong'ona Bolek, akipiga ishara ya msalaba. "Huu ni wivu." Sisi tungesema jini mahaba.

Chini ya geji hukaa kibomba kilichojikunja, mafundi hukiita mkia wa nguruwe, nacho hujazwa maji ili mvuke usiifikie geji. Bolek alikuwa hajakijaza. Halina akaleta chupa ya maji yaliyobarikiwa kanisani siku ya Mamajusi, akayamimina kwa mkono wake uliofungwa bendeji. Na hapo boila ikaguna, na mguno ukaingia mabombani, ukapanda jikoni, ukapanda chumbani walikolala, ukigonga kila rejeta kama atafutaye mlango, hata ukafika valvu ya mwisho darini, ukatoka kwa pumzi ndefu ya mwanamke aliyekataliwa.

Usiku ule Halina alilala kwenye joto.

Ikafika Mei, boila ikazimwa. Adhuhuri moja Halina alisikia mnong'ono chini, akateremka. Kazimir alikuwa amepiga magoti na kitambaa chake. Sakafu ilikuwa imelowa. Mkia wa nguruwe ulikuwa umefunguliwa, ukamwagwa maji yake ya baraka, ukarudishwa mkavu. Mshale ulisimama kwenye moja.

"Nilikuwa naisafisha tu, Halina."

Kwa kutajwa jina lile, mshale ukapanda hadi mbili.

Aliyenisimulia kwanza ni Halina mwenyewe, kovu lingali mkononi, katika nyumba ya mjomba wake Bolek anakoishi sasa, ambako wanaota moto wa kuni.