Mshono wa Gari ya Mbaluka

Lorine, funga huo mlango kwanza. Sasa weka mkono kwa kifua uniapie. Usiape na mimi, mimi ni anti yako tu. Apa na Mungu, ati haya maneno hayatatoka kwa hii jikoni, hata kwa bwana yako, hata kwa hizo group zenu za simu. Umeapa? Haya. Nacheka, lakini hii si mchezo.

Unamjua Nzilani, yule mnene kama mimi, tunaimba naye kwa kina mama wa kanisa. Bwana yake ni Mbaluka, dereva wa ofisi fulani huko town. Mtu mpole, ile aina ya mwanaume anaosha viatu vya watoto Jumamosi jioni bila kuambiwa. Walikuwa wanakaa Donholm, nyumba ya chini, iko na kauwanja ka saruji mbele na geti ya chuma. Sasa huyu Mbaluka, miaka yote anaendesha mabosi kwa magari makubwa, lakini roho yake ilikuwa kwa kagari kamoja tu. Zile za michezo za zamani za Japani, milango miwili, imelala chini kama paka, na taa za mbele zinajificha kwa boneti halafu ukifinya kitu zinainuka kama macho. Picha yake ilikuwa kwa simu mahali wanaume wengine wanaweka bibi. Tulimcheka huyo mtu mpaka chai ikatutoka kwa pua.

Basi mwaka jana akaipata. Ilikuwa kwa yadi ya vyuma kuukuu ya mtu anaitwa Abdiqadir, huko Kangundo Road. Mbele yote imefinyika, boneti imekunjamana kama karatasi ya nyama, lakini nyuma iko sawa kabisa. Na hapo kando yake kulikuwa na ingine pacha yake, modeli moja, mwaka mmoja. Hiyo ilikuwa imefinyika nyuma. Mbele ilikuwa safi. Mbaluka akaona huyo ni Mungu ameteremka mwenyewe. Kiema, jirani yao, yule fundi wa kuchomelea, akamwambia hiyo ni kazi ya wiki mbili. Tunakata hii katikati, tunakata ile katikati, tunashona nzima na nzima, gari inakuwa moja.

Wakati huo mama yake Mbaluka, mama Muthoki, alikuwa amekuja kutoka Mwingi kutibiwa macho. Haoni, lakini hiyo pua yake! Alitoka nje asubuhi, akasimama hapo kwa saruji, akasema hapa kuna damu. Na kwetu Ukambani unajua, chuma ikimwaga damu haiingii boma hivi hivi. Inanyunyiziwa ng'ondu, yale maji ya majani na ya tumbo la kondoo, na aliyekufa anaitwa jina lake, anaambiwa aende. Mama akauliza kitu kimoja tu. Gari ni moja, ama ni mbili? Kwa sababu moja ni kondoo mmoja na asubuhi moja. Lakini kama ni mbili, na zilimwaga damu pamoja, hiyo ni kesi. Aliyeua na aliyeuawa hawalazwi boma moja mpaka watu wa huku na watu wa kule wakae chini wapatane. Na hiyo inaweza kuchukua mwaka.

Mbaluka likizo yake ilikuwa ya mwezi mmoja. Akamwangalia mama yake kwa yale macho hayaoni.

"Mwaitu, ni moja."

Mama akanyunyiza. Akaita jina lenye Mbaluka alimpa, jina la mwanaume. Nzilani anasema maji ilikauka kwa ile bati ya nyuma papo hapo, tsss, kama imemwagwa kwa jiko ya makaa. Mbele ilibaki mbichi siku nzima, na jua lilikuwa linawaka.

Wakashona. Mshono ulipita katikati kabisa, ukatoka kwa paa, ukashuka nyuma ya milango, ukapita kwa sakafu chini ya kiti cha dereva. Jioni Kiema anaupiga na grinda unakuwa laini kama shavu. Asubuhi wanaukuta umepasuka. Si kidogo, unaingiza kidole. Anachomelea tena, asubuhi umepasuka tena. Na ile nusu ya mbele imesonga kuelekea geti, upana wa mkono tu, kama mtu ameshikwa shati akikimbia.

Mara ya nne, Kiema akaweka mkono kwa huo ufa atoe kutu. Ufa ukafunga. Nzilani alikuwa anaanika nguo, na aliskia mifupa kabla ya kumskia Kiema. Vidole viwili vilibaki ndani. Walivitafuta na tochi, wakavitafuta na waya, wakainua hata sakafu. Havijaonekana mpaka leo.

Ungedhani wataacha. Wanaume! Wiki mbili, Kiema amerudi na bandeji, ati ni chuma ilijikunja na baridi. Baridi gani, na ilikuwa Februari? Wakaweka mabamba mazito chini ya mshono, wakachomelea juu na chini. Mbaluka akatia injini kubwa ya turbo, springi mpya, breki za mashindano, mabomba ya moshi manene kama paja langu. Paka wa nyumba ya pili akapatikana ndani ya gari, kati ya kiti na usukani, amekuwa bapa kama chapati. Milango ilikuwa imefungwa na ufunguo. Nzilani alimwomba auze. Alimwomba akiwa amepiga magoti, Lorine, mwanamke wa kilo zile. Mbaluka akasema amebakisha kuiwasha tu. Na vile alikuwa anasema hivyo, mkono wake ulikuwa unapapasa huo mshono.

Sasa Jumamosi ikafika, saa sita mchana, watu wako nje, redio zinaimba. Gari ilikuwa imeinuliwa kwa stendi nne, magurudumu yananing'inia hewani. Hata ikiwaka, inaenda wapi? Nzilani alikuwa jikoni. Moyo wake ukakataa kutulia, akatafuta namba ya Abdiqadir kwa simu ya bwana yake, akapiga na spika. Akamuuliza tu, hii gari iliua nani.

 Abdiqadir akaongea chini chini, kama mtu ako karibu na mgonjwa.

"Mama, hakukwambia? Zililetwa siku moja. Ilikuwa ya bwana na bibi yake. Bibi alikuwa anamtoroka, bwana akamfuata na ile ingine. Alimgonga nyuma. Akarudi kinyumenyume, akamgonga tena. Alimgonga mpaka injini ikamwingia yeye mwenyewe kwa kifua." Halafu akasema, "Na mimi nilimwambia mzee wako. Nilimwambia achukue moja, aache moja."

Sasa fikiria. Nyuma ilikuwa ya yule bwana. Mbele ilikuwa ya bibi. Mbaluka alikuwa amemshona huyo bibi na muuaji wake, na kiti chake akakiweka katikati.

Mama Muthoki alikuwa hapo kwa mlango wa jikoni. Alikuwa ameskia.

"Ni mbili?"

"Ni mbili."

"Mtoe."

Nzilani akakimbia. Injini ikawaka kabla afike kwa mlango. Ikalia kama mwanamke. Mbaluka alikuwa ndani, anacheka, anamuonyesha mikono yote miwili ati ona, sijashika kitu. Taa zikainuka. Hakuna mtu alifinya. Magurudumu ya mbele yakajipinda kuelekea geti, huku, kule, huku, yanatafuta njia. Halafu ile nusu ya nyuma ikashtuka.

Ikagonga. Lorine, nusu ya gari iligonga nusu yake. Stendi zikaruka. Paa likapinda. Mbaluka akaacha kucheka. Ikarudi nyuma kidogo, mabamba yakalia, ikagonga tena. Usukani ukaingia kwa mbavu. Damu ikapiga kioo kutoka ndani. Ikarudi nyuma tena, pole pole, kama mtu anapima. Sakafu ikafunguka chini ya kiti, mguu wake wa kushoto ukateremka hapo mpaka kwa paja. Mshono ukafunga.

Nzilani alivuta mlango mpaka kucha zikatoka. Jirani mmoja alivunja kioo na jiwe. Mbaluka alikuwa anaangalia nyuma, juu ya bega, kwa kiti cha nyuma. Gari yenyewe haikuwa na kiti cha nyuma. Alikuwa anamwambia mtu, tafadhali, tafadhali.

Kiema akaruka ukuta na grinda kwa ule mkono wa vidole vitatu. Akainama chini ya gari. Akatoka uso umekuwa majivu.

"Mguu wake uko ndani ya mshono," akanong'ona. "Nikiukata mshono, naukata na mguu."

Ile nusu ya nyuma ilikuwa inarudi kinyumenyume tena. Ilikuwa imerudi mbali kuliko zile mara zote.

"Kata," Nzilani akasema.

Akakata. Cheche zilikuwa za manjano kwanza. Halafu zikaacha kuwa cheche, kukawa na ile harufu ya kwa butcher wakipasua mifupa. Mbaluka alilia mara moja tu, sauti ikaisha. Bati ikaachana. Mbele ikaanguka na pua kwa saruji, taa zikashuka pole pole, zikajifunga, kama mtu amepata usingizi baada ya siku nyingi. Nzilani akamvuta bwana yake nje akiwa na mguu mmoja. Na nyuma yao magurudumu ya ile nusu ingine yalikuwa bado yanazunguka. Yalizunguka mpaka saa kumi. Injini ilikuwa kwa ile nusu ya mbele, Lorine. Na ilikuwa imezima.

Alipona, Mungu ni mkubwa. Hospitali walimaliza kazi ya Kiema vizuri, lakini wakasema kuna kipande cha bati kimeingia kwa mfupa wa nyonga, kando ya mshipa mkubwa. Kukitoa ni kumuua, kikae hapo tu. Kiema alionyeshwa picha ya X-ray akasema anaijua hiyo bati, ni ya mbele. Kitu ya huyo bibi mwenye alikuwa anafuatwa. Abdiqadir alikuja akachukua hivyo vipande viwili, akavipeleka na lori mbili tofauti, barabara mbili tofauti, na hakuitisha chochote.

Wakahama. Sasa wanakaa Ziwani, zile nyumba za zamani. Chumba chao kiko nyuma, na huko nje kwa ukuta ni kanjia kembamba, mimi mwenyewe napita upande upande tumbo nimeivuta. Hata mkokoteni hauingii. Wiki ya tatu Mbaluka akaanza kusema kuna kitu inamsukuma kichwani akilala. Wakaenda kuangalia. Plasta ya nje imebonyea kwa ndani, urefu wa goti kutoka chini, upana wa gari. Wakahamisha kitanda wakakiweka kwa ukuta ule mwingine. Juzi huo pia umebonyea. Na ukiweka mkono hapo mahali, hata kama ni asubuhi na kuna umande, kuna joto. Lile joto la gari imetoka safari ndefu.

Usiniulize nimejuaje. Ni Nzilani mwenyewe aliniambia, Alhamisi, tukiwa tumebanana hapo kwa kanjia, mkono wangu umebandikwa kwa huo ukuta na wake juu, ananishikilia nisiutoe.