Nafasi Imejaa

"Mike iko sawa?"

"Iko sawa, Madam."

"Inarekodi?"

Nabil alitazama skrini ya redio ya gari. Maandishi mekundu: NAFASI IMEJAA.

"Bado."

"Bado how?" Chelagat, mkuu wake katika Idara ya upelelezi, aliongea kwa simu kutoka ndani ya van nyeupe upande wa pili wa barabara ya Rockville Pike, Marekani. "Target anatoka ofisini saa hii. Bila sauti yake mwenyewe hatuna kesi. Sort hiyo kitu!"

Nabil aliwahi kutoroka Goma ndani ya tangi tupu la maziwa. Leo kashindwa na redio.

Aliyewindwa alikuwa Othman, aliyedhani Nabil ni dereva wa kukodi tu. Mtu wa heshima zake, safu ya mbele msikitini. Kutoka ghala moja la Manassas alikuwa akisafirisha insulini hadi Mombasa. Insulini gani? Maji ya chumvi ndani ya chupa nzuri. Chupa kama hizo zilikutwa kwenye friji ya mama yake Nabil, wiki aliyozikwa.

Othman hakupanda gari la mtu kabla ya kuchukua simu ya dereva na kuifungia kwenye mfuko usiopitisha mawimbi. Kwa hiyo mafundi wa Idara walificha mike darini na kuiunga na diski ya muziki ya gari lenyewe. Werevu kwelikweli. Ila hawakumjua Salme.

Salme, dada yake Nabil, aliazima gari hilo la kaka yake Jumamosi kuwabeba wanawake wa harusi kutoka Fairfax. Kila mmoja alipanda na flash yake, na kila mmoja alitaka yake ianze. Ili kuepusha ugomvi, Salme alizimwaga zote kwenye diski. Taarabu, kaswida, bongo fleva. Nyingine mara tatu! Na zote zilisomeka hivi: Msanii Hajulikani, Wimbo 1.

"Na sauti ya mama iko humo," alisema akirudisha ufunguo. "Ile vugo, wimbo wa wanawake wenyewe, aliyoniimbia harusini kwangu. Flash imekufa, imebaki hiyo tu. Usiiguse, kaka."

Ni ipi sasa?

Nabil aligusa kufuta. Una hakika? Ndiyo. Wimbo mmoja ukaondoka, na skrini ikamrudisha mwanzo wa orodha. Mwanzo kabisa! Aliyebuni mtambo huu hakuwahi kuwa na haraka maishani mwake. Futa. Una hakika? Ndiyo, mwanaharamu we, ndiyo!

Mlango wa nyuma ulifunguka.

"Asalamu alaykum, shekhe. Hebu simu."

"Waalaykum salaam, Bwana Othman."

Simu ikaingia mfukoni. Gari likaondoka, na kitufe cha kufuta kikafifia: KWA USALAMA WAKO, SIMAMISHA GARI KWANZA.

Nabil alitaka kuipiga ngumi. Lakini pembeni kitaa cha kijani kiliwaka. Mike ilikuwa imeanza kurekodi kwa kijinafasi alichokipata.

Papo hapo redio ikaanza kuimba yenyewe.

Pembe, vigelegele, kisha sauti ya mwanamke, nzito kidogo. Nabil aliijua kabla ya neno la pili.

"Zima hiyo," Othman alisema kwa ukali. "Hiyo ni ya wanawake ndani kwao. Si halali yetu kuisikiliza."

Muuza maji huyu aliona haya kumsikia mwanamke akiimba! Nabil alizima, meno yameumana.

Kwenye barabara kuu ya I-66 magari yalisongamana. Othman alitoa simu yake mwenyewe na kuanza kubonyeza namba. Kitaa cha kijani kikageuka chekundu.

NAFASI IMEJAA.

Foleni ikasimama. Nabil akatia gia ya kuegesha. Muda wa kufuta vidogo vidogo haukuwepo, na faili kubwa lilikuwa moja tu, lile lililokuwa likiimba, la mama.

Una hakika?

Kwa mara ya kwanza swali lile halikuwa la kipuuzi.

Akabonyeza ndiyo. Kijani.

"Kontena liondoke leo," Othman alisema simuni. "Andika shampuu. Hiyo insulini? Maji tu, yatamfanya nini mtu? Wakifa, watasema sukari imewaua."

Manassas, mlangoni mwa ghala, ile van nyeupe iliwazibia njia. Wayne, mpelelezi wa huko, aliruka nje na bastola ya Glock mkononi.

"Hands! Now!"

Othman, pingu mikononi, alimkazia macho Nabil. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa yule uliyeniamrisha nimzime."

Chelagat alivua headphones alizokuwa amechomeka kwenye redio ya gari. "Tumempata, kila kitu iko clear. Lakini hapo mwanzo kuna mama anaimba, kitu dakika moja hivi. Nimwambie fundi aikate?"

"Isiguswe."

"Hii ni evidence, Nabil. Itafungiwa, hata wewe hutapewa copy."

"Najua. Ikae huko. Ile ya garini haikupona."

Alimrushia ufunguo na kuelekea stesheni ya treni, mikono mifukoni.

"Na gari?"

"Mpelekee dada yangu," alisema bila kugeuka. "Mwambie nafasi ipo."