Dari la Masanduku

Mjini Bunia, seremala akisema anatengeneza sanduku, watu humpa pole kwanza, halafu ndipo wanauliza ni nani amekufa. Kambale alilijua hilo vizuri. Lakini jioni ile alipokuwa akikata njia ya mtaa wa Mudzipela, ua la kuchongwa kwa mbao amelikumbatia kifuani na nyundo inamgonga kiunoni, mama muuza makaa alimwuliza kazi gani hiyo isiyokwisha, naye akajibu bila kufikiri.

"Ni masanduku ya Patron Liévin. Inabakia moya tu."

Mama yule akaacha kupima makaa yake.

"Yesu. Ni familia yote?"

Kambale alicheka mpaka akalazimika kuweka ua chini. Akaeleza kwamba ni masanduku ya plafo, ya dari, mapambo tu, hakuna maiti. Mama akasema sawa, lakini hakucheka, na Kambale alipoondoka alimsikia akimwambia jirani kwamba mtu mwenye akili hawezi kulala chini ya kitu chenye jina la namna hiyo. Hayo ni maneno ya mama muuza makaa. Wasomi wangemcheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Patron Liévin alinunua nyumba ya zamani iliyojengwa na Wazungu wa migodi, akitaka kuifanya ukumbi wa harusi. Sebule yake kubwa ilikuwa na dari ambalo Bunia nzima halina ndugu. Boriti zilipita huku na huku, na kati ya boriti mbao zilizama kwenda juu, zikawa masanduku yasiyo na kifuniko, kila moja lina ngazi ndogo kuzunguka kingo na mahali pa ua la kuchongwa katikati. Patron aliwaonyesha mafundi picha kwenye simu. Watu wa Roma, alisema, walichimba masanduku kama hayo katika dari zao za mawe ili paa lipungue uzito. Ya Bunia yalichimbwa kwa sababu gani hakusema, na hakuna aliyeuliza.

Mafundi wa kuchonga maua hayo na kuyapigilia walikuwa wawili, Kambale na Athanase, na hawa nao wana habari yao. Mama yake Kambale alifariki Butembo mara tu baada ya kumzaa. Jirani yake, Mama Véronique, alikuwa na mtoto wa umri uleule, akawanyonyesha wote wawili, mmoja kila upande. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili wa mama yake ni Kambale, hakuna mjadala. Wote wawili walikuwa wa pili kwa mama zao, kwa hiyo jiko moja likawa na akina Kambale wawili. Shuleni mwalimu alichoka, mmoja, yule aliyezaliwa na Mama Véronique, akaanza kuitwa kwa jina la ubatizo, Athanase, na dunia nzima ikamfuata mwalimu. Mama Véronique peke yake hakufuata. Jioni aliita jina moja, wakaja mbio wawili.

Mwaka jana msumeno wa mashine ulikata mishipa ya mkono wa kulia wa Athanase. Mkono ukabaki unaning'inia. Seremala bila mkono wa kulia ni mtu wa kuhesabu wapita njia. Kambale akafanya kazi ya watu wawili, na kila jioni alipeleka unga na majani ya sombe kwa mke wa mwenzake bila kusema neno, maana kusema kungemwaibisha. Halafu siku moja, walipokuwa wamekwisha kuanza kazi kwa Patron Liévin, Athanase aliingia karakana, akashika randa kwa mkono uleule uliokufa, akalainisha ubao wa mti wa libuyu toka mwanzo mpaka mwisho. Kambale alilia mbele za watu. Jumapili alipeleka kuku kanisani kumshukuru Mungu.

Jioni ile Athanase ndiye aliyempigia simu. Patron anakuja asubuhi na wageni wake, alisema, na sanduku la katikati halina ua. Nenda ukalipige kabla ya giza. Mimi nakufuata.

Kwa hiyo Kambale alikwenda.

Nyumba ilikuwa wazi na mlinzi hayupo. Mwanga wa machweo uliingia kwa madirisha ya upande mmoja ukapaka ukuta rangi ya chai. Kambale aliweka ua juu ya jukwaa la miti, akapiga mluzi kama kawaida yake anapoanza kazi.

Mluzi ulipanda juu. Haukurudi.

Alikuwa ameshaliona jambo hilo tangu wiki ya kwanza. Ukumbi mkubwa namna ile, mtupu, ungepaswa kurudisha sauti. Lakini dari lenye mashimo huikatakata sauti na kuimeza. Fundi yeyote anajua hivyo. Alipanda jukwaa, akalala chali kwenye mbao, uso wake umbali wa mkono mmoja tu kutoka sanduku la katikati. Akanusa.

Udongo. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa leo.

Udongo unatoka wapi juu ya dari? Labda panya, alijiambia. Labda mvua imevujisha matope ya mabati. Alitia msumari wa kwanza mdomoni, akanyanyua ua.

Mtu alikohoa.

Si chini. Ilikuwa kushoto kwake, juu, ndani ya sanduku la tatu.

Kambale alibaki na ua mikononi. Kisha kutoka sanduku jingine, karibu na dirisha, sauti ya mwanamke iliuliza polepole kama mchele umeiva. Ikauliza tena. Kutoka jingine mzee alikuwa akisali kwa lugha ambayo Kambale hakuijua, na katikati ya sala alisimama, kama mtu aliyesikia jina lake, akaitika.

Halafu hakusali tena.

Redio ya jirani, Kambale aliwaza. Ni redio. Lakini hapakuwa na jirani, na sasa sanduku la katikati, lile tupu, lilikuwa likinong'ona juu ya pua yake. Sauti hii aliifahamu kabla haijamaliza neno la kwanza. Angeitambua sokoni, angeitambua usingizini.

"...Kambale. Ninamutoa Kambale. Mukono yangu irudie tu."

Sauti ya Patron Liévin ikauliza, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa:

"Ni mutu wa kwenu?"

"Wa kwetu. Tulinyonya ziwa moya."

"Na unamupenda?"

Kisha sauti ya Athanase, imevunjika:

"Sana."

Msumari ulimdondoka Kambale mdomoni ukalia sakafuni. Hakuogopa bado. Watu husema mtu akisikia neno kama hilo huogopa, lakini si kweli, kwanza huona aibu. Aliona aibu juu ya unga, juu ya sombe, juu ya machozi yake ya karakanani. Yule kuku wa kanisani ndiye aliyemchoma kuliko yote. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa ajili ya bei yake mwenyewe.

Chini, mlango ulifungwa. Ufunguo ukageuka.

"Umemaliza?" Athanase aliuliza.

Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, tochi ya simu imeelekezwa chini. Aliishika kwa mkono wa kulia.

"Bado," Kambale alinong'ona. "Athanase. Nilikukosea nini?"

"Hakuna. Haukunikosea kintu."

"Sasa juu ya nini?"

Athanase alisema kwa upole, kama anavyosema mtu kwenye kitanda cha mgonjwa, na upole huo ndio Kambale hatausahau.

"Plafo iliomba mutu mwenye ninapenda. Ningemutoa nani, ndugu yangu? Bibi yangu? Batoto? Weye hauna bibi, hauna mutoto. Nilifikiri sana. Nililia."

"Ulilia."

"Nililia sana. Ikikuita, itika tu. Patron anasema haiumi. Na usipoitika, haiwezi kukukamata. Lakini itaita na sauti mwenye hauwezi kunyamazia."

Kambale alitazama pembeni. Kushuka kulikuwa kwa ngazi moja tu, na Athanase alikuwa ameshasimama chini yake. Harufu ya udongo ilizidi. Masanduku yote yalinyamaza kwa pamoja, yule wa mchele, yule aliyekohoa, wote. Mwanga wa dirishani ulikuwa unakwisha na vivuli vya boriti vilikuwa vimeungana.

Kisha dari liliita.

"Kambale..."

Mama Véronique. Si kama Mama Véronique. Yeye mwenyewe, na mafua yake ya msimu wa mvua, na ule uchovu wa jioni sauti yake inapopanda mwishoni mwa jina. Nyuma yake moto wa kuni ulikuwa ukipasuka. Kambale alisikia hata mwiko ukigonga sufuria.

"Kambale... kuya kukula."

Kila kitu ndani yake kilitaka kujibu. Ulimi ulinyanyuka wenyewe. Alijitia ngumi mdomoni akauma mpaka akaonja damu, na machozi yakamwingia masikioni kwa jinsi alivyolala chali, na hakutoa sauti. Lo, mama yake alikuwa nani mwingine? Hakuwa na sauti nyingine ya mama duniani.

"Kambale. Chakula inapoa."

Na chini, gizani, mtu aliitika.

"Nakuya, mama."

Aliitika kama watu wanavyoitika, bila kuamua. Tangu mwalimu aanze kumwita kwa jina la ubatizo, kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemwita Kambale, na huyo alipoita, Athanase alikuwa na miaka sita na njaa. Hata alianza kupiga hatua, Kambale aliisikia. Hatua moja. Kisha simu ilianguka.

"Hapana," Athanase alisema. "Hapana, si miye, mama, ule mwingin..."

Sauti ilipanda. Haikurudi.

Ua la mbao lilitoka mikononi mwa Kambale. Hakulisukuma. Lilinyanyuka na kuingia mahali pake, bila msumari, na mlio mdogo wa mbao iliyokaa sawasawa.

Tok.

Alimkuta Athanase amelala sakafuni macho wazi, anapumua, mdomo unafunguka na kufunga bila sauti. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, vidole vinachezacheza. Kambale alichukua ufunguo mfukoni mwake, akambeba mgongoni mpaka barabarani, wakapanda pikipiki watatu mpaka hospitali. Ndiyo, alimbeba. Mtu atakuuza na bado hujui kumwacha sakafuni. Daktari alisema ni tension, mishipa ya kichwa. Athanase alikufa alfajiri bila kutamka neno.

Patron Liévin alikuja kwenye matanga amevaa koti jeusi. Alimshika Kambale mkono kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, kama mnunuzi aliyeletewa mbuzi tofauti na yule aliyemchagua na anaona hana sababu ya kumrudisha.

"Kazi ilikuya muzuri sana," alisema. "Plafo imejaa."

Ilibaki simu moja ambayo hakuna aliyetaka kuipiga. Njia ya Butembo ilikuwa imefungwa tena, na mama mzee asingeweza kufika hata angeambiwa mapema. Wajomba walimwachia Kambale, maana, walisema, yeye ni mtoto wake vilevile. Alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba mahali wanawake walipokuwa wakiosha masufuria, akapiga. Alikuwa ameshapanga maneno. Hatamwambia chochote kuhusu dari, wala mkono. Mama asimzike mwanawe mara mbili.

"Mama. Ni miye. Iko habari mubaya."

"Najua," Mama Véronique alisema. "Ilinifikia. Ngoja kwanza."

Alisikika akivuta kiti, akikaa. Mafua bado anayo.

"Ile magaribi nilikuwa pa moto," alisema. "Nilikuwa naita mutoto mumoya kuya kukula. Mutoto mwenye aliitika, njo ule alikufa?"

Kambale alijiambia ni ndoto, wazee huota, mama na mwana wana kamba yao. Alitaka sana iwe hivyo.

"Njo ule, mama."

Wanawake wa masufuria waliacha kuongea wakamtazama. Mama Véronique aliposema tena hakuwa akilia, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole uleule wa Athanase chini ya ngazi, na hapo Kambale alijua mwenzake alijifunza kwa nani.

"Nilikuwa naita weye."

Simu ilibaki sikioni mwake. Upande wa pili, Butembo, moto wa kuni ulikuwa ukipasuka, na mwiko ukagonga sufuria.

"Kambale," mama aliita.

Alifunika mdomo kwa kiganja, asije akaitika.

"Kambale... mutoto wangu. Unanisikia?"